Mdogo Wangu Anazimia Leba

Kiswahili cha mtaani kimelihamishia neno kuzimia kwenye mapenzi. Ukimzimia mtu, maana yake umempenda mpaka akili imeruka. Nyumbani kwetu Tanga neno hilo halikupata bahati hiyo. Lilibaki pale pale lilipozaliwa, kwenye kuzima: taa ilikuwa inawaka, sasa haiwaki, na watu wanavuta kanga wakupepee.

Mimi nilizima mara ya kwanza nikiwa kidato cha pili, mstarini, Jumatatu asubuhi, mwalimu wa zamu akiwa katikati ya matangazo. Mama namkumbuka mara mbili, zote kwa sindano. Mjomba wetu mmoja alikwenda kumchangia damu kaka yake akaishia kulazwa kitanda cha jirani, kisa ambacho husimuliwa kwenye kila harusi ya ukoo, mwenyewe akiwepo na akicheka kuliko wote. Hatukuwahi kuuita ugonjwa. Ilikuwa ni sisi tu, kama wengine wanavyorithi mwanya.

Kisha mdogo wangu, kitindamimba, akachaguliwa kusomea uuguzi na ukunga.

Tulishangilia sote. Bibi mzaa mama alikuwa mkunga wa jadi kijijini, upande wa Pangani, na watu wazima wengi wa kijiji kile walipokewa na mikono yake. Mama akasema kazi imerudi nyumbani. Mimi, kifungua mimba na mwenye mshahara (kama malipo ya mwandishi wa habari yanaweza kuitwa hivyo), nikakubali kubeba ada. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba upande huo huo wa mama uliotupa ukunga ndio uliotupa na kuzimia.

Stashahada ya uuguzi na ukunga ni miaka mitatu, na sehemu kubwa ya miaka hiyo haiko darasani. Wanapelekwa hospitali, wodi kwa wodi, kila mmoja na kitabu chake ambacho kila kazi aliyoifanya lazima isainiwe na msimamizi: ameshuhudia uzazi mara ngapi, amesaidia mara ngapi, amezalisha mwenyewe chini ya uangalizi mara ngapi. Saini zisipotimia, safari ya kuelekea leseni inasimama hapo. Kitabu hicho hakina safu ya kuandika kwamba mwanafunzi alikuwepo, ila alikuwa sakafuni.

Alipangiwa leba mwaka wa pili, katika hospitali ambayo sitaitaja, mkoa mwingine kabisa. Ndani ya wiki tatu za kwanza alianguka mara tatu.

Mara ya kwanza mama mmoja alikuwa amechanika na anashonwa. Mdogo wangu hakuwa na kazi yoyote mkononi; alikuwa mmoja wa wanafunzi wanne waliosimama nyuma ya mshonaji, wakichungulia. Anakumbuka sindano iliyopinda kama ndoano. Anakumbuka glovu kujaa jasho la baridi, halafu sauti za watu kwenda mbali, kana kwamba amefunikwa beseni kichwani. Kilichofuata ni dari. Mara ya pili ilikuwa alfajiri, mwisho wa zamu ya usiku ambayo aliianza na chai kavu. Alijigonga kidevu kwenye ukingo wa toroli ya vifaa, akapelekwa kushonwa nyuzi tatu, na wakati wa kushonwa akazimia tena. Hiyo hatukuihesabu.

Mara ya tatu hakunisimulia. Aliniandikia tu: "Dada shikamoo. Nimeanguka tena. Nadhani nirudi nyumbani."

Wakati ule kila mtu wodini alikuwa ameshatoa maelezo yake. La kwanza, kama ilivyo kwa msichana yeyote anayeanguka mbele za watu, lilikuwa mimba. Aliulizwa mbele ya wenzake na akapimwa, si mara moja bali mara mbili, kwa sababu matokeo ya kwanza hayakumridhisha aliyeuliza. Mfanya usafi alisema ni mashetani na leba ina mengi. Mwenzake wa chumbani aliwaza kifafa, akamnusisha kiatu. Msimamizi wake hakuhangaika na chanzo. Alisema, "Wewe huna moyo wa kazi hii. Nenda kasomee uhazili."

Lakini lililomuuma zaidi lilitoka kitandani. Yule mama aliyekuwa anashonwa alijiinua kwa kiwiko, akachungulia sakafuni, akauliza, "Amekufa?" Mdogo wangu aliniambia: "Fikiria dada. Yeye ndiye ametoka kuzaa, halafu yeye ndiye anayenihofia mimi."

Nilitaka kumfariji kwa namna ninayoijua, yaani kwa kusoma. Nikamtumia kisa cha Charles Darwin, ambaye baba yake alimpeleka Edinburgh kusomea udaktari. Alikimbia chumba cha upasuaji mara mbili, mojawapo mgonjwa akiwa mtoto, enzi za kabla ya klorofomu, na hakurudi tena. Akanijibu: "Sasa yeye alipata meli ya kuzunguka dunia. Mimi nikitoka hapa napanda ipi?"

Ikabidi nisome vitu vya maana zaidi.

Turudi kwenye hilo neno moyo, maana lugha yetu imeweka ushujaa wote humo. Huna moyo, jipe moyo, moyo mwepesi, moyo wa kuku. Kumbe mwaka 1932 daktari wa Uingereza, Thomas Lewis, aliandika juu ya watu wanaozimia namna hii na kuonyesha jambo linalompunguzia moyo lawama. Mtu akizimia, mapigo hupungua, ndiyo. Lakini alipompa mgonjwa dawa ya atropini na mapigo yakarudi kuwa ya kasi, presha ilibaki chini na mgonjwa alibaki amepauka vile vile. Tatizo kubwa lilikuwa kwenye mishipa ya damu iliyolegea. Damu inashuka tumboni na miguuni, ubongo unakosa haki yake kwa sekunde kadhaa, na mwili unafanya kitu pekee unachoweza: unajilaza. Ukishalala, damu inarudi kichwani bila kupanda mlima. Kuanguka ndiyo tiba yenyewe, isipokuwa ni tiba isiyojali kama chini kuna toroli.

Ndiyo maana tabia yetu ya kumnyanyua haraka aliyezimia, kumkalisha kwenye kiti na kumshikilia shingo isimame, ni kumzuia asipone. Mlaze chali, inua miguu yake, fungua vifungo vya shingoni, subiri. Mimi siku ile ya mstarini wanafunzi wenzangu wawili walinibeba nikiwa wima, mmoja kila kwapa, na nilizimia tena kabla ya kufika ofisi ya walimu.

Kabla ya nadharia zote hizo, nilimshikilia apime. Wasichana wengi huku kwetu wanaitwa waoga wakati wanatembea na damu pungufu au malaria. Akapima malaria, sukari, presha, wingi wa damu, na umeme wa moyo. Wingi wa damu ulikuwa chini kidogo, akaanzishiwa vidonge vya madini ya chuma. Vingine vyote vizuri. Hatua hii isirukwe na mtu. Anayezimia bila dalili zozote za kutangulia, anayezimia akiwa anakimbia au anafanya kazi ngumu, au mwenye ndugu waliokufa ghafla wakiwa vijana, huyo aende akaangaliwe moyo kweli kweli, na asisome insha ya mwandishi wa habari.

Sasa kuna jambo la ajabu kuhusu damu. Ukikutana na nyoka, moyo unakwenda mbio na presha inapanda. Hofu ya namna hiyo haiangushi mtu kirahisi. Hofu ya damu, sindano na vidonda ina mwendo wake wa pekee. Presha inapanda kwanza, halafu inaporomoka. Na mara nyingi inatembea ndani ya familia, jambo ambalo mjomba wangu angeweza kuwaambia watafiti bila malipo. Kwa hiyo ule ushauri ambao mdogo wangu alipewa na kila mwenye nia njema, "tulia, legeza mwili, pumua taratibu," ulikuwa unausaidia mwili wake kuanguka. Mishipa tayari imelegea. Unailegeza zaidi ya nini?

Mwaka 1987 wanasaikolojia wawili wa Sweden, Lars-Göran Öst na Ulf Sterner, walichapisha njia iliyo kinyume chake: kaza. Unakaza misuli ya mikono, kifua na miguu kwa nguvu zako zote, sekunde kumi hadi kumi na tano, mpaka uhisi joto linapanda usoni. Unaachia, lakini huachii mpaka ulegee. Unarudi kwenye hali ya kawaida tu, sekunde ishirini au thelathini. Unarudia mara tano. Unafanya hivyo kila siku ukiwa mzima, ili siku ya siku mwili usiwe unajifunza. Kisha unaanza kutazama damu, kidogo kidogo, ukijifunza kuidaka ile dalili ya kwanza kabisa kabla sauti hazijaingia kwenye beseni.

Alikuja kwangu Dar wakati wa likizo na tukafanya mazoezi sebuleni. Nilitafuta video za kushona wanawake waliochanika, zile wanazofundishia wauguzi, tukaketi kwenye kochi, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai. Mama, aliyekuja kunitembelea wiki hiyo hiyo, aliingia akatukuta binti zake wawili tumekunja ngumi, nyuso zimevimba, tunatazama uzazi wa mwanamke tusiyemjua. "Nyie mnafanya nini?" Tukamweleza. Alitazama kioo sekunde tatu hivi, akageuka akaenda kukaa jikoni. Baada ya muda tukamsikia akiuliza kutoka huko, "Mnakaza na wapi tena?"

Mimi naungama kwamba video ya pili niliimalizia kwa kusikiliza. Na hapo ndipo nilipoelewa tofauti ya kazi yangu na yake. Mimi naweza kugeuza uso. Watu wengi wenye tatizo hili wanaambiwa wageuze uso, na kwa anayetolewa damu maabara ni ushauri mzuri tu. Mkunga haruhusiwi. Damu kwake si kitu cha kuvumilia, ni kitu cha kusoma. Mama akishajifungua na kondo la nyuma likatoka, kinachoamua kama atarudi nyumbani ni mtu mmoja kutazama kinachotoka na kujua kimefika wapi. Kwa miaka mingi mstari uliofundishwa ulikuwa nusu lita: ikifika hapo baada ya uzazi wa kawaida, mama anavuja damu kupita kiasi na kazi inaanza. Nusu lita ni ile chupa ya maji ya kunywa inayouzwa stendi. Imagwe kwenye shuka, kwenye mpira, kwenye ndoo pamoja na maji ya uzazi, halafu uniambie ni kiasi gani. Macho hukisia chini ya ukweli, hata ya wazoefu.

Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Miongoni mwa mambo waliyoyafanya, waliweka chini ya mama mfuko wa plastiki angavu wenye mistari ya vipimo, damu iingie humo na ionekane imefika wapi, na matibabu yote yaanze kwa pamoja badala ya moja moja. Uvujaji mkubwa wa damu, pamoja na upasuaji na vifo vinavyotokana nao, ulipungua kwa asilimia 60. Hakukuwa na dawa mpya. Walitazama mapema, na wakatazama kwa kipimo.

Nilimsomea mdogo wangu hilo likamkaa kuliko Darwin. Alisema kumbe shida yake siku zote ilikuwa anaitazama damu kama jambo zima, "damu", wakati kazi inamtaka aitazame kama kiasi. Ina rangi gani, ina mabonge, inachuruzika au inatiririka, imefika mstari upi. Siwezi kuthibitisha kisayansi kwamba kuhesabu humzuia mtu asizimie. Kwake yeye kulimsaidia, labda kwa sababu mwenye kuhesabu ana kazi.

Nilikuwa nimemwomba pia aandike daftari, maana mimi kila shida ya ndugu naigeuza kuwa uchunguzi. Saa ngapi, ulikula nini, umesimama muda gani, dirisha lilikuwa wazi, uliona nini, ulinusa nini. Daftari lilitueleza mambo ambayo hayakuhitaji Sweden. Zamu aliyoingia bila kula ilikuwa zamu ya hatari. Kusimama bila kusogea kwa zaidi ya nusu saa, magoti yakiwa yamenyooka, kulikuwa hatari kuliko damu yenyewe, maana misuli ya miguu ndiyo pampu inayorudisha damu juu na pampu ilikuwa imezimwa. Na maji! Wanafunzi wengi wa kike wodini hawanywi maji kwa makusudi, kwa sababu choo cha wafanyakazi kina kufuli na funguo ni ya wafanyakazi. Akaanza kunywa nusu lita kabla ya kuingia leba, chupa ile ile ya stendi, na kuhusu choo akajifunza kuomba funguo bila aibu.

Daftari hilo lilikuwa na tarehe ya kuanguka kwa tatu, na mbele yake hapakuwa na kitu. Nikauliza. Alikaa kimya kidogo, akasema, "Mara ya tatu hapakuwa na damu hata tone."

Kulikuwa na msichana wa rika lake, mimba ya kwanza, njia imeshafunguka yote, na hataki kusukuma. Anabana miguu, anamwita mama yake. Mkunga wa zamu alimchapa kofi la paja, akaongeza la pili, akamwambia maneno yale ambayo mwanamke yeyote aliyezaa kwenye wodi zetu ameyasikia au ameyasikia yakisemwa kitanda cha pili: wakati unaipata hiyo mimba, mbona hukulia? Wanafunzi wenzake wakacheka. Mdogo wangu anasema alihisi midomo yake nayo inaanza kucheka, yenyewe, kama mtu anayepiga miayo kwa kuwa mwenzake amepiga. Ndipo masikio yakaziba.

"Wote wananiambia nitazoea," alisema. "Nikizoea damu, si ndiyo nitazoea na yale?"

Sikuwa na jibu siku hiyo. Nimeandika habari za afya ya uzazi kwa miaka kadhaa, nyingi kutoka kumbi zenye viyoyozi, na takwimu zenyewe ni nzuri kuandika: utafiti wa taifa wa 2015–16 ulikadiria vifo 556 vya wajawazito na wazazi kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa 2022 ukakadiria 104. Nyuma ya tofauti hiyo kuna wanawake wengi zaidi waliokubali kuacha kujifungulia nyumbani kwa watu kama bibi yangu na kuja hospitali. Sasa wamekuja. Watafiti waliowahoji wanawake waliojifungulia katika vituo vya wilaya za Korogwe na Muheza walikuta kwamba takribani 19 katika kila 100 walisema wametendewa vibaya au kudharauliwa, walipoulizwa wakitoka. Walipofuatwa nyumbani wiki kadhaa baadaye, walikuwa 28. Hiyo tofauti ya tisa huwa inanirudia. Ni wanawake waliosubiri mpaka wafike kwao ndipo waseme.

Kiswahili kina neno hilo moja, kuzoea, na tunawapa wanafunzi kama dawa ya kila kitu. Mimi sasa naamini ni mambo mawili yasiyohusiana. Mishipa ya damu inafundishika, kwa kukaza na kuachia, kwa kula na kunywa, na ikishafundishika haijakufanya uwe mtu mwingine. Kofi nalo linafundishika, ila linafundishwa na chumba: nani anacheka, nani ananyamaza, nani anasaini kitabu chako. Najua pia kwamba mkunga yule usiku huo alikuwa mmoja kwa wajawazito saba. Ningeweza kumwachia hapo, kama isingekuwa mkunga mwingine wa wodi ile ile, mwenye zamu zile zile na upungufu ule ule, ambaye hajawahi kumpiga mtu.

Huyu ni mama wa makamo karibu kustaafu, na ndiye aliyemwokoa mdogo wangu kuliko makala zangu zote. Likizo ilipoisha na akarudi leba, mama huyo alimwita pembeni akamwambia kwamba yeye mwenyewe enzi za mafunzo alizimia mpaka wenzake wakampa jina la Luku, kwamba umeme wake unakatika bila taarifa. Hakumwambia atazoea. Alimpa kazi. Kwanza alimwondoa kwenye ile foleni ya watazamaji nyuma ya mshonaji, akamweka kichwani kwa mama, kwenye kiti, amshike mkono, amfute jasho, amhesabie pumzi na kumweleza kinachofanyika huko chini. Ukiwa umekaa presha haina safari ndefu, na ukiwa unamtazama mtu usoni humwoni kama kidonda. Baada ya siku kadhaa akampa jukumu la sindano ya oksitosini, uniti kumi, kwenye paja ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka. Kisha kumpokea mtoto na kumkausha. Kisha kondo la nyuma, kulikagua kama limetoka lote. Alikuwa anamsogeza kitandani kutoka juu kwenda chini, pasipo kumtangazia mtu kwamba huo ni mpango.

Na alimpa sheria moja, ya kuaga. Ukihisi beseni linakuja, sema kwa sauti, "Sista, nakaa," na ukae hapo hapo ulipo, mgongo ukutani, uteleze mpaka chini. Usitoke kwenda kutafuta hewa. Wanaotoka kutafuta hewa huanguka koridoni peke yao, kwenye saruji. Mara ya kwanza aliposema "Sista, nakaa," mama mwenye uchungu kitandani alimjibu yeye: "Kaa mwanangu, na mimi ningekaa kama ningeweza." Wakacheka leba nzima, kicheko ambacho hakikumuumiza mtu.

Nilipomsimulia Mama habari za kile kiti, aliacha kuchambua mchele. Akasema hajui kama Bibi aliwahi kuzimia, ila anachojua ni kwamba hakuwahi kumwona anazalisha akiwa amesimama. Mzazi alikuwa chini, kwenye mkeka, na Bibi alikuwa na kigoda chake kifupi ambacho hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kukikalia. Sisi wajukuu tulidhani ni ukali tu wa wazee. Mama alifikiri kidogo akaongeza kwamba Bibi kila alipoitwa usiku alikuwa hatoki nyumbani mpaka ale kitu, hata kiporo, na waliokuja kumwita walikuwa wanamlalamikia kwamba mwanamke anazaa na mkunga anakula.

Mdogo wangu yuko mwaka wa tatu sasa. Kitabu chake kina saini za kutosha upande wa leba, na nyingi ni za mwandiko mmoja ulioinama. Hajapona, kama hilo ni neno lake. Mwezi uliopita alikaa ukutani mara moja, zamu ya usiku, mama alipochanika vibaya. Baada ya dakika tatu akanyanyuka na ndiye aliyeshika taa mpaka mwisho. Yule msichana wa rika lake alimwona tena kliniki ya watoto, mtoto mgongoni, na wala hakumtambua. Hilo nalo limeandikwa kwenye daftari, sijui kwa safu ipi.

Anachokiogopa kwa sasa ni chumba cha upasuaji, anakoingia wiki mbili zijazo. Kule huwezi kugusa chochote, huwezi kukaa, huwezi kuegemea, barakoa inakufungia pumzi na taa zile zina joto. Amenituma soksi ndefu za kubana miguu, zile za wagonjwa wa mishipa, rangi nyeusi, namba ndogo. Nimezunguka Kariakoo siku mbili, kila duka wananitolea za mpira.